Kilichotolewa Bure, Je, Hakina Mwenyewe?



Siku moja ya Posho, jioni, mvua ikinyesha, kijana mmoja wa masomo ya juu alipiga hodi nyumbani kwangu. Namfahamu tangu alipokuwa mtoto wa katekismu. Alikuwa ameifunga kompyuta yake ndani ya mfuko wa plastiki isije ikalowa. Akaketi, akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Mwalimu, nina shauri. Lakini kwanza cheza na mashini hii.»

Akaifungua. Nikaona ubao wa sataranji, ule mchezo wa miraba 64, wenye wafalme wawili, malkia, ngome, farasi na askari. (Kuna kipande kimoja ambacho Waingereza hukiita askofu, na Wafaransa hukiita mwenda wazimu. Maaskofu wetu watusamehe!) Mchezo huu nilijifunza seminarini, wala sikuwa wa mwisho kati ya wenzangu. Basi nikacheza. Kabla ya hatua ya 30 mfalme wangu alikuwa amefungiwa njia zote.

«Nani ameandika programu hii?» nikamwuliza.

«Ni mimi, Mwalimu.» Kisha akatazama chini. «Ni mimi, karibu yote.»

Neno hilo «karibu yote» ndilo lililomleta katika mvua. Alikuwa amefanya kazi miezi minane, usiku kwa usiku, saa zile umeme unapopatikana. Sehemu kubwa aliitunga mwenyewe. Lakini programu yake ilicheza vibaya: ilimtoa malkia bure, ilimwacha mfalme uchi. Akachoka. Ndipo akatafuta maandishi ya programu nyingine, jina lake Fruit, ambayo Mfaransa mmoja aliyatoa bure kwa watu wote. Akachukua sehemu moja, akaitia ndani ya kazi yake, akabadili majina ya mle ndani ili yafanane na yake. Tangu siku hiyo programu ikawashinda wote pale masomoni. Wenzake wakamwita «mhandisi». Akawagawia programu kwa flashi, bila kutaja mtu mwingine. Mwalimu wao akamsifu mbele ya watu.

«Sasa sipati usingizi mzuri,» akasema. «Lakini nikifikiri sana, naona sina kosa. Mwenyewe aliitoa bure. Mwalimu, mtu aweza kuiba kitu kilichotolewa bure?»

Ulizo hili ni zuri, tena ni gumu kuliko linavyoonekana. Sikumjibu usiku ule. Nilimwomba aniache nifikiri. Leo napenda tufikiri pamoja, kwa sababu halihusu sataranji peke yake.

MASHINI HII YAFANYAJE?

Hatuwezi kuhukumu jambo tusilolijua. Basi tutazame kwanza programu ya namna hii imeundwa vipi. Ina sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni kujua sheria. Mchezo unapoanza, mweupe ana hatua 20 anazoweza kuchagua, na mweusi vilevile 20. Kwa hiyo kila mmoja akicheza mara moja, njia ni 400. Baada ya hatua tatu njia ni 8.902, baada ya nne ni 197.281, baada ya tano ni 4.865.609. Hesabu hizi zajulikana na waandishi wote wa programu hizi. Mwenye kuanza huiambia mashini yake ihesabu, halafu hulinganisha. Kijana wetu alipohesabu hatua tano mara ya kwanza, alipungukiwa njia 258. Alitafuta kosa usiku tatu. Kumbe alisahau sheria moja ndogo: askari aweza kumla askari wa adui aliyeruka miraba miwili kwa mara moja na kusimama kando yake. Akaisahihisha, hesabu ikatimia. Nataja habari hii ili msidhani kwamba kijana huyu ni mvivu. Si mvivu hata kidogo.

Sehemu ya pili ni kutafuta. Mashini yajiuliza: nikienda hapa, adui atajibu nini? Naye akijibu hivi, mimi nitafanya nini? Mmarekani Claude Shannon alieleza njia hii mwaka 1950. Lakini njia ni nyingi mno, hakuna mashini iwezayo kuzifuata zote. Kwa hiyo yatumia akili ya mnunuzi sokoni: ukiona mbuzi ana mguu uliovunjika, huna haja ya kuendelea kumtazama meno. Wapita kwa mbuzi mwingine. Vivyo hivyo mashini ikiona jibu moja la adui linaloharibu hatua fulani, yaiacha hatua ile mara moja, bila kutafuta majibu mengine.

Sehemu ya tatu ni kupima. Kutafuta lazima kukome mahali fulani, na hapo mashini lazima iseme: hali hii ni njema kwangu, au ni mbaya? Mwanzo wa kupima ni rahisi: askari ana thamani ya moja, farasi tatu, ngome tano, malkia tisa. Lakini hayo hayatoshi. Mfalme asiye na ulinzi ni hasara kiasi gani? Askari wawili waliosimama mmoja nyuma ya mwenziwe katika safu moja, je, wapunguziwe thamani? Ngome katika safu iliyo wazi yaongezewa nini? Hakuna sheria ya mchezo inayojibu maulizo hayo. Mtu ndiye anayejibu. Anakisia, anajaribu, anasahihisha, anajaribu tena. Kila namba ndogo mle ndani ni hukumu ya mtu fulani aliyefikiri.

Basi, sehemu hiyo ya tatu ndiyo aliyoichukua kijana wetu. Hakuchukua mbao na misumari. Alichukua hukumu za mtu mwingine, akazitia sahihi yake.

WALIOTANGULIA

Mwaka 1770, huko Vienna, Wolfgang von Kempelen alionyesha mbele ya malkia Maria Theresa mashini iliyocheza sataranji: sanamu ya Mturuki aliyeketi nyuma ya sanduku. Sanamu ile ilizunguka Ulaya, ikafika hata Marekani, ikawashinda watu wengi, mpaka ilipoteketea kwa moto Philadelphia mwaka 1854. Yote yalikuwa uongo. Ndani ya sanduku alijificha mtu, mchezaji hodari, naye ndiye aliyecheza. Watu walimsifu Mturuki wa mbao, na mwenye jasho aliketi gizani.

Alan Turing, Mwingereza, alifanya kinyume. Mwaka 1948, pamoja na rafiki yake David Champernowne, alianza kutunga sheria za programu ya sataranji, wakati ambapo hakukuwa na mashini ya kuiendesha. Mwaka 1952 akacheza kwa karatasi na kalamu, akifanya hesabu zote yeye mwenyewe, kila hatua ikimchukua karibu nusu saa. Alicheza na Alick Glennie, akashindwa. Lakini hakumficha mtu: kila aliyetazama alijua nani anafikiri na nani anahesabu.

Tuje karibu na siku zetu. Yule Mfaransa wa Fruit aitwa Fabien Letouzey. Alianza kuitoa programu yake mwaka 2004, pamoja na maandishi yake yote, na mwaka 2005 huko Reykjavik, katika mashindano ya dunia ya kompyuta, Fruit ikashika nafasi ya pili. Waandishi wengine wakashangaa: maandishi yalikuwa safi, yenye kueleweka. Wengi walijifunza hapo, kama wanafunzi kwa mwalimu mzuri.

Baadaye ilitokea programu nyingine, Rybka, ya Vasik Rajlich, ikashinda mashindano ya dunia miaka minne mfululizo, tangu 2007 mpaka 2010. Mwaka 2011 chama cha michezo ya kompyuta kilichunguza, kikasema kwamba ndani ya Rybka mna kazi iliyotoka katika Fruit, na katika Crafty ya Mmarekani Robert Hyatt, bila kutajwa. Kikamnyang'anya ushindi wote na kumfungia maisha. Yeye alikana. Mwaka 2015 tume ya maadili ya FIDE, lile shirikisho la sataranji la dunia, ikakilaumu chama kile kwa sababu ya adhabu hiyo ya maisha. Mpaka leo wajuzi wabishana juu ya mpaka kati ya kujifunza na kunakili. Sitaki kuwa hakimu wao. Nataka mwone tu jinsi miaka ya kazi ya mtu inavyoweza kuingiwa na giza kwa sababu ya ulizo moja: «Hiki ulikitoa wapi?»

Sasa tazameni mfano wa namna nyingine. Tord Romstad, mtu wa Norway, aliandika programu iitwayo Glaurung, akaitoa bure. Mwaka 2008 Marco Costalba, Mwitaliano, akaichukua, akaijenga upya, akaipa jina Stockfish. Hilo ni jina la samaki wanaokaushwa kwa upepo huko Norway. Si makayabo yetu yenye chumvi, lakini ni ndugu wa mbali. Maana yake: samaki alivuliwa Norway, akapikwa Italia. Jina lenyewe lamkumbuka mvuvi! Romstad hakuona wivu. Aliacha Glaurung, akafanya kazi pamoja na Costalba, na Joona Kiiski wa Finland pamoja nao. Tangu mwaka 2013 watu wengi wasiojuana huazima kompyuta zao ili programu ijaribiwe. Mwaka 2020 ikaingizwa njia mpya ya kupima, iliyobuniwa na Mjapani Yu Nasu mwaka 2018 kwa mchezo wa kwao uitwao shogi. Leo hakuna mtu duniani awezaye kuishinda Stockfish. Na pamoja na maandishi yake mna orodha ndefu ya majina ya waliofanya kazi. Romstad yumo, Costalba yumo, Nasu yumo.

Mwaka 2021 hao wa Stockfish waliishtaki kampuni ya ChessBase ya Ujerumani, mbele ya mahakama ya Munich, kwa kuuza programu iitwayo Fat Fritz 2 ambayo msingi wake ulikuwa Stockfish, bila kutimiza masharti yake. Mwaka 2022 pande zote mbili zilipatana, na kampuni ikaacha kuiuza.

TUTENGANISHE MAMBO

Walimu wetu wa filosofia walitufundisha: mambo yakichanganyika, yatenganishe kwanza, ndipo uhukumu.

Kuna vitu vya namna mbili. Vingine ukivichukua vyamwishia mwenyewe: embe, shati, faranga. Vingine ukivichukua vyabaki: moto wa kuwashia jiko la jirani, wimbo, elimu. Maandishi ya programu ni ya namna ya pili. Letouzey hakupungukiwa kitu siku ile kijana wetu alipoichukua kazi yake. Kwa hiyo kijana asema kweli katika neno moja: hakuiba kama mtu anayeiba embe.

Lakini si kila kosa juu ya kazi ya mwingine ni wizi wa embe. Fruit ilitolewa pamoja na leseni, yaani masharti. Kwa kifupi yasema: tumia, soma, badili, toa kwa wengine. Lakini ukitoa kwa wengine, wape na maandishi yake kwa uhuru uleule, wala usifute jina la mwandishi. Mwenye kupokea zawadi yenye sharti amepokea vyote viwili. Hawezi kusema: zawadi naichukua, sharti nakuachia.

Fikirini kisima. Mzee mmoja achimba kisima kando ya njia, aseme: «Kila mtu ateke, mradi asimzuie mwingine.» Mtu akija na bidoni zake, akateka, hana kosa hata akiteka kutwa. Lakini akitia kufuli, akaandika jina lake juu ya mlango, je, atasema: «Maji yalikuwa bure»? Maji yalikuwa bure kwake, naye ameyafungia wengine. Kijana aliyewapa wenzake programu bila maandishi na bila jina la mwandishi ametia kufuli ndogo. Pengine kati yao mlikuwa na mmoja ambaye angetaka kujifunza, kama yeye mwenyewe alivyojifunza. Huyo hakuonyeshwa kisima kiko wapi.

MASHAKA MATATU

Najua baadhi yenu mna la kujibu. Tusikilize.

Shaka la kwanza: «Hakuna anayeanza na mikono mitupu. Kutafuta kulielezwa na Shannon. Thamani za vipande zajulikana zamani. Je, wote ni wezi?» Hapana. Wazo likishafundishwa huwa urithi wa wote, kama dawa ya majani ambayo kijiji kizima chaijua. Kutumia wazo kwa maneno yako ni kujifunza. Kuchukua maneno yenyewe na kubadili majina ili yasitambulike ni jambo jingine. Nakubali kwamba mpaka hauonekani wazi kila mara. Lakini iko alama moja inayosaidia. Jiulize: nasitiri nini? Aliyejifunza hana haja ya kufuta nyayo. Kijana wetu alibadili majina ya mle ndani. Kazi hiyo haikuongeza nguvu ya programu hata kidogo. Kwa nini basi aliifanya? Yeye mwenyewe ajua, na ndiyo sababu alikuja kwangu katika mvua.

Shaka la pili lina uchungu zaidi. «Sisi wa Kongo tumechukuliwa vingi: mpira, shaba, dhahabu, nguvu za babu zetu, wala hakuna aliyeandika majina yao. Leo kijana maskini akichukua kurasa chache za Mzungu, mwamsumbua?» Ndugu zangu, uchungu huu nauheshimu, nami ninao. Lakini tuangalie vema. Umaskini wampa kijana haki ya kutumia. Na haki hiyo alikwisha kupewa bila faranga hata moja. Sharti lililobaki halina bei: mstari mmoja wenye jina la mtu. Tena, nani alidanganywa pale masomoni? Si Mfaransa, yeye hana habari. Waliodanganywa ni wenzake, watoto wa hapa kwetu. Walimtazama wakajiona wajinga: «Yeye ameweza peke yake, mimi siwezi.» Kumbe hakuweza peke yake, wala hakuna awezaye peke yake. Na kama twalia kwa sababu majina ya babu zetu hayakuandikwa, itakuwaje sisi tuwe wafutaji wa majina?

Shaka la tatu: «Sifa ni kitu kidogo. Programu yacheza vizuri, yatosha.» Kwa sataranji, pengine. Lakini sifa ni njia ambayo watu humpimia mwenzao kazi. Kesho watasema: «Yule mhandisi, tumpe kazi ya hesabu za dawa hospitalini, tumpe kazi ya daraja.» Watampima kwa uzito usio wake. Naye mwenyewe atakuwa amepoteza kipimo chake. Hatajua tena wapi aweza na wapi hawezi. Alipopungukiwa 258 alijua amekosa, akatafuta, akawa mjuzi zaidi. Aliposifiwa kwa hukumu za mwingine, hakuna hesabu iliyomwonyesha upungufu, akabaki palepale. Zaidi ya hayo, ameketisha mtu gizani ndani ya sanduku, kama yule Mturuki wa Vienna, naye anasimama nje akipigiwa makofi.

Basi jibu langu ni hili. Kilichotolewa bure hakidai bei, lakini chadai ukweli. Aliyepewa bure hana deni la fedha. Ana deni la kutaja, na deni la kuacha mlango wazi kwa anayekuja nyuma.

KOSA LANGU MWENYEWE

Ningeishia hapa, ningekuwa mnafiki. Sababu ya kutomjibu kijana usiku ule haikuwa ugumu wa ulizo peke yake.

Nilipokuwa katekista mpya, niliyetoka seminarini na kichwa kimejaa maneno, kulikuwa na katekista mzee aliyenitangulia. Hakusoma sana. Lakini alikuwa na daftari la mafundisho aliyoyatunga kwa miaka mingi, yenye mifano ya shamba, ya mto na ya soko. Aliniazima. Akaniambia: «Mwanangu, tumia, itakusaidia.» Siku moja nilifundisha fundisho lake moja, neno kwa neno, mbele ya watu wengi. Walifurahi. Wakaja kunishika mkono: «Kweli, mtu aliyesoma!» Sikusema kitu. Mzee alikuwa ameketi nyuma kabisa, karibu na mlango. Aliniangalia, akatabasamu, akaenda zake.

Hakunidai lolote. Daftari lake alilitoa bure. Nilijiambia nitalisema siku nyingine, mbele ya watu walewale. Siku nyingine ilipita, na nyingine tena. Kisha mzee akafa, na siku ya mazishi wasemaji walikuwa wengi, nami nilinyamaza.

Juma lililofuata nilimwita kijana, nikamweleza habari hii kabla ya kumpa jibu langu. Nikamwambia: «Mdogo wangu, mwandishi wako yu hai. Wenzako wako hapa. Wewe bado una nafasi.»

Alirudi masomoni. Aliandika ukurasa mmoja na kuutia ndani ya programu: hiki nilikitunga mimi, hiki kimetoka katika Fruit ya Fabien Letouzey, masharti yake ni haya, na maandishi yote ni haya, someni. Aliusoma mbele ya wenzake. Wawili walimcheka, na jina la «mhandisi» limepungua kidogo. Mwingine alimwomba amfundishe. Sasa anaandika sehemu ya kupima upya, kwa akili yake mwenyewe. Programu hii mpya ni dhaifu. Juzi nilicheza nayo tena, nikaishinda katika hatua 41. Alicheka sana, akafungua daftari lake, akaanza kuniuliza ni wapi mashini yake ilipokosea.

Na mimi, kila mwaka ninapofika kwenye fundisho lile la mto, naanza kwa kusema limetungwa na nani. Walio wengi kati ya wanaonisikiliza hawakumjua mzee. Nalisema hata hivyo.